Nyaya za meno na upana wa tao: kinachopanuka, kisichopanuka na kinachorudi

Mezani kwangu kuna seti tatu za meno ya plasta, zote za taya langu la chini. Ya kwanza ilichukuliwa nikiwa na miaka 23, siku chache kabla ya kufungwa waya. Ya pili ni ya siku waya ulipotolewa, miezi 22 baadaye. Ya tatu ni ya mwaka jana, miaka 11 tangu ile ya pili. Nimechukua kalipa, nikaweka ncha moja juu ya kilele cha chonge ya kushoto na nyingine juu ya kilele cha chonge ya kulia. Seti ya kwanza: milimita 25. Ya pili: milimita 27. Ya tatu: milimita 25 na nusu. Na yale meno mawili ya mbele yaliyokuwa yamenyooka vizuri kwenye seti ya pili, sasa yameanza tena kupandana, jino lile lile juu ya lile lile, kama nilivyokuwa sekondari.

Wakati ule sikuambiwa kwamba haya yangetokea. Kliniki iliyonihudumia ilinipa riteina ya plastiki, kifaa cha kuyashika meno yasirudi yalikotoka, ikaniagiza niivae miezi 6, basi. Nilitii. Kwa hiyo naandika haya nikiwa na uchungu kidogo, na nikitaka mtu anayekaribia kufungwa waya, au anayempeleka mwanawe, aelewe upana wa meno unabadilikaje kabla hajalipa shilingi ya kwanza.

Jirani yangu alinikuta nikipima. Binti yake ana miaka 11, meno ya juu yamebanana hadi chonge moja imechomoza juu kabisa ya ufizi. "Dada," akaniuliza, "eti hizo nyaya zinapanua taya?" Nikamwambia jibu linategemea anaulizia taya lipi, sehemu gani ya taya, na mtoto ana umri gani. Akavuta kiti. Mengi ya yaliyomo humu ndiyo niliyomweleza jioni ile.

Tuanze na neno tao. Ukiyatazama meno ya taya moja kutoka juu, yamejipanga kwa mpindo kama wa tao la mlango katika nyumba za kale za Lamu au Mji Mkongwe: meno ya mbele kileleni, magego kwenye nguzo mbili. Upana wa tao hilo ni upi? Ni kama kuuliza upana wa mtumbwi. Lazima useme umepima wapi. Wataalamu hupima zaidi sehemu tatu: chonge hadi chonge, gego dogo hadi gego dogo, na gego kubwa la kwanza hadi mwenzake wa upande wa pili. Vipimo hivi havitembei pamoja. Tao linaweza kupanuka katikati likabaki vile vile mbele. Linaweza kupanuka kwenye chonge na kupungua kwenye magego, kwa mgonjwa huyo huyo, ndani ya matibabu yale yale. Mtu akikuambia "nyaya zilinipanua tao", swali la kwanza ni: wapi?

Upana huu una maisha yake hata bila waya. Huko Iowa, Marekani, Samir Bishara na wenzake waliwafuatilia watu kwa vipimo vya meno kuanzia uchanga hadi umri wa miaka 45, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Tao lilipanuka utotoni hadi miaka 13 hivi, kisha likaanza kupungua taratibu, na upungufu ulionekana zaidi penye chonge. Kwenye taya la chini, umbali kati ya chonge hukamilika mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani: mtoto anapofika miaka 8 au 9, meno manne ya mbele ya kudumu yakiwa yameshaota, sehemu kubwa ya upana ule imeshapatikana. Kwa hiyo anayesema "tusubiri akue, taya litajipanua" yuko sahihi kwa sehemu fulani za kinywa na amekosea kwa sehemu iliyo ngumu kuliko zote.

Jino linasogeaje

Jino halijagandishwa kwenye mfupa. Kati ya mzizi na ukuta wa kishimo chake kuna utando wa nyuzi, unene wake ni kama robo ya milimita, na ndani yake mna damu, neva na seli hai. Waya ukilisukuma jino kuelekea shavuni, utando wa upande wa shavu unabanwa na ule wa upande wa ulimi unavutwa. Upande uliobanwa, seli zinazobomoa mfupa huanza kuula ukuta wa kishimo. Upande uliovutwa, seli zinazojenga hutandika mfupa mpya nyuma ya mzizi. Jino linasafiri ndani ya mfupa kama ngalawa inavyopasua maji mbele na maji yakajifunga nyuma yake, ila safari yenyewe ni ya milimita moja hivi kwa mwezi. Ukizidisha nguvu, damu inakatika upande uliobanwa, seli pale zinakufa, na jino linagoma kwa wiki kadhaa mpaka mwili usafishe eneo lile. Mgonjwa anayesihi "daktari, kaza sana nimalize haraka" anajichelewesha mwenyewe.

Sasa tazama nguvu inapogusa. Braketi, kile kidude kidogo kinachoshika waya, imebandikwa kwenye taji, ile sehemu ya jino tunayoiona. Mzizi umezikwa chini. Ukisukuma nguzo ya uzio kwa juu, nguzo inalala. Haitoki shimoni ikahamia shimo jingine ikiwa wima. Jino ni hivyo hivyo. Taji linakwenda shavuni, ncha ya mzizi inabaki karibu palepale au inarudi kidogo upande wa pili. Kalipa yangu, inayopima kwenye vilele, itasoma kwamba upana umeongezeka milimita 2 au 3. Lakini ukiweza kupima penye mizizi, pengine hakuna kilichoongezeka. Kwangu mimi hili ndilo jambo muhimu kuliko yote kulielewa: sehemu kubwa ya upana unaoletwa na nyaya za kawaida ni wa meno yaliyolala kuelekea nje. Taya lenyewe limebaki na ukubwa wake.

Daktari ana dawa ya sehemu ya tatizo hilo. Edward Angle, Mmarekani anayehesabiwa kuwa baba wa fani hii, katika miaka ya 1920 aliunda braketi yenye mfereji wa pembe nne. Waya wa duara ukipita ndani ya mfereji huo unazunguka tu, kama fimbo ndani ya bomba. Lakini waya wa pembe nne unaoujaza mfereji unaweza kulishika jino na kuusokota mzizi urudi chini ya taji lake. Ndiyo maana miezi ya mwisho ya matibabu, ambayo mgonjwa anaiona kama ya bure kwa kuwa meno "yameshanyooka", ina kazi kubwa: mizizi inafuatishwa taratibu.

Hata hivyo mzizi una mpaka. Ukuta wa mfupa upande wa shavu na mdomo ni mwembamba, mahali pengi haufiki hata milimita moja, hasa kwenye meno ya mbele ya chini. Mzizi ukisukumwa kupita ukuta huo, usitegemee mfupa uongezeke kuufuata. Kinachoweza kutokea ni ufizi kushuka, jino likaonekana refu, na maji baridi yakaanza kuuma. Ukiona tao limepanuliwa kwa kasi na fizi zimeanza kurudi nyuma, usinyamaze. Mwambie daktari siku hiyo hiyo.

Umbo la waya linatoka wapi

Waya wa mwanzo wanaofungwa watu wengi siku hizi ni wa nikeli na titaniamu. Mchanganyiko huo ulitokea katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukapewa jina Nitinol, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa akauingiza katika matibabu ya meno. Sifa yake ni kukumbuka umbo. Unaukunja, unaupitisha kwenye meno yaliyopinda huku na kule, nao muda wote unataka kurudi kama ulivyokuwa. Katika kurudi huko unayavuta meno.

Lakini kurudi kama ulivyokuwa wapi? Kiwandani. Waya huja kwenye pakiti ukiwa tayari na umbo la tao, na umbo hilo halijui chochote kuhusu kinywa chako. Mwaka 1999 Stanley Braun na wenzake walilinganisha nyaya za aina hii zilizokuwa zikiuzwa na matao ya asili, wakakuta nyaya ni pana kuliko matao kwa milimita kadhaa penye chonge. Kwa maneno mengine, mgonjwa anaweza kupanuliwa chonge zake bila mtu yeyote kuamua kumpanua, kwa sababu tu huo ndio waya uliokuwa kwenye droo.

Kwetu kuna la kuongeza hapa. Vipimo vilivyofanyika Marekani vimeonyesha kwamba matao ya Wamarekani weusi kwa wastani ni mapana kuliko ya Wamarekani weupe. Wastani huo hausemi lolote juu yako wewe mmoja, ila unatosha kuonyesha kwamba umbo moja la waya halitawatosha watu wote. Jambo la busara ni daktari kuanza na plasta ya mgonjwa mwenyewe. Waya wa nikeli na titaniamu haukubali kukunjwa kwa koleo ukakaa, hivyo mwanzoni anachoweza ni kuchagua saizi inayokaribia. Akifika kwenye waya wa chuma cha pua, unaokunjika, anaulaza juu ya plasta ya mwanzo ya taya la chini na kuurekebisha ufuate upana ule ule, kisha wa juu anaulinganisha na wa chini. Nimeshamwona daktari akifanya hivyo: anakunja kidogo, anaulaza, anautazama kwa jicho moja, anakunja tena. Ni dakika 5 za kazi. Natamani kinywa changu kingepewa dakika hizo.

Juu kuna mshono, chini hakuna

Taya la juu lina kitu ambacho la chini halina. Kaakaa, yaani dari la kinywa, limeundwa na nusu mbili za mfupa zilizokutana katikati kwenye mshono unaotoka mbele kwenda nyuma. Kwa mtoto mshono huo bado haujashikamana sana, na unaweza kufunguliwa. Mwaka 1860, San Francisco, daktari Emerson Angell alimwekea msichana wa miaka 14 na nusu kifaa cha skrubu kati ya magego ya juu, msichana akawa anaizungusha mwenyewe, na baada ya wiki 2 meno mawili ya mbele yakawa yameachana: ushahidi kwamba taya limegawanyika katikati. Wenzake hawakumwamini. Njia hiyo ililala karibu miaka 100 mpaka Andrew Haas alipoifufua mwaka 1961, na leo ni ya kawaida kabisa. Kifaa hugandishwa kwenye magego, mzazi anapewa kifunguo kidogo, na kila zamu ya kuzungusha skrubu hufungua robo ya milimita hivi.

Jirani yangu alicheka nilipomwambia binti yake atapata mwanya. Pwani mwanya ni uzuri, kuna wanaoutamani maisha yao yote. Huu wa skrubu haudumu. Nyuzi za fizi zilizonyooshwa huyavuta meno hayo mawili yakarudiana yenyewe katika wiki na miezi inayofuata, huku mfupa mpya ukijijenga ndani ya mshono. Skrubu huachwa palepale miezi kadhaa ili mfupa huo upate kukomaa.

Hapa upana ulioongezeka ni wa mfupa hasa, ingawa meno nayo hulala nje kidogo. Kwa hiyo jibu la "nyaya zinapanua taya?" kwa mtoto mwenye kaakaa jembamba ni kwamba taya la juu linaweza kupanuliwa, na kifaa kinachofanya hivyo ni skrubu, nyaya huja baadaye kupanga meno ndani ya nafasi mpya. Kadiri umri unavyosonga mbele mshono unasukana kama ukili, na kwa mtu mzima skrubu ya kawaida inayashika meno tu na kuyalaza. Yeye anahitaji skrubu zilizotiwa kwenye mfupa wa kaakaa, au upasuaji.

Taya la chini nalo lilizaliwa likiwa vipande viwili, lakini viliungana kidevuni kabla hujamaliza mwaka wako wa kwanza. Hakuna mshono wa kufungua. Chochote utakachoongeza kwenye upana wa chini ni jino kusogea juu ya mfupa usiobadilika.

Na jino la chini likishasogea, kuna wanaolisukuma lirudi. Ndani kuna ulimi. Nje kuna midomo na mashavu. Meno yametulia mahali ambapo nguvu hizi, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi, zimekubaliana. Chonge za chini zimekaa pembeni kabisa mwa mdomo, pale misuli ya midomo na ya mashavu inapokutana. Ukizitoa nje milimita 2, umeziingiza katika eneo la misuli ile. Siku waya unapotoka, misuli iko palepale.

Ushahidi wa hili ni mzito kuliko kwa mambo mengi ya fani hii. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, Robert Little na wenzake waliwaita wagonjwa miaka 10 na zaidi baada ya kuacha riteina, wakawachukua plasta upya. Katika ripoti yao ya mwaka 1981, iliyohusu wagonjwa 65 waliong'olewa magego madogo, chini ya theluthi moja ndio waliokuwa na meno ya mbele ya chini yaliyopangika kwa kiwango cha kuridhisha, na upana wa chonge ulikuwa umepungua kwa wengi wao. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi mwaka 1998 ukasema jambo lile lile: chonge za chini hupanuka milimita 1 hadi 2 wakati wa matibabu, kisha hurudi karibu zilipotoka. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilienda moja kwa moja kuchukua plasta zangu. Ishirini na tano, ishirini na saba, ishirini na tano na nusu.

Kung'oa au kutong'oa

Ugomvi wa upana ni wa zamani, na umetuletea hofu nyingi tulizo nazo hadi leo. Angle aliamini kila mtu amepewa meno kamili na taya la kuyatosha, hivyo aliyapanga yote kwa kulipanua tao. Calvin Case alimpinga, na mwaka 1911 kukawa na mjadala mkali kati ya Case na wafuasi wa Angle. Kisha akaja Charles Tweed wa Arizona, mwanafunzi wa Angle mwenyewe, aliyemfuata mwalimu wake kwa miaka kadhaa akaona matokeo yanaharibika. Aliwaita wagonjwa 100, akawang'oa magego madogo manne, akawatibu upya bila malipo, na mwaka 1940 akayaonyesha matokeo hadharani. Namheshimu sana kwa hilo. Ni wachache wanaorudi kwa wateja wao na kusema nilikosea.

Watu wengi huogopa kwamba wakiong'olewa magego madogo tao litakuwa jembamba na uso utanywea. Vipimo havisemi hivyo. Gego dogo la kwanza likitoka, chonge inarudishwa nyuma kuchukua nafasi yake, na kwa kuwa tao linapanuka kadiri unavyoelekea nyuma, chonge hujikuta penye upana zaidi. Umbali kati ya chonge mara nyingi unaongezeka. Magego makubwa nayo husogea mbele kidogo kufunga pengo, kuelekea sehemu nyembamba, hivyo umbali kati yao unapungua. Kipimo kimoja kimepanda, kingine kimeshuka, na tao limebaki tao. Anthony Gianelly wa Boston alilinganisha makundi yote mawili mwaka 2003, waliong'olewa na wasiong'olewa, ukipima mahali pale pale ndani ya kinywa, akakuta waliong'olewa hawakuwa na matao membamba zaidi.

Wasiong'olewa ndio wanaopanuka zaidi, na sababu ni hesabu tu. Meno yaliyopandana yakinyooshwa yanahitaji mstari mrefu zaidi. Mstari huo hauwezi kwenda nyuma, kuna magego. Unakwenda nje na mbele: magego madogo yanatoka shavuni, meno ya mbele yanaegemea mdomoni. Ila faida ya upana ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukipanua milimita 1 kati ya magego makubwa, unapata kama robo ya milimita tu ya nafasi kwenye mzingo wa tao. Ukipanua milimita 1 kati ya chonge unapata karibu robo tatu. Yaani pale panapolipa zaidi ndipo pasipodumu, na pale panapovumilika hapalipi. Mtu mwenye upungufu wa milimita 8 hawezi kuahidiwa kwamba kupanua peke yake kutamtosha.

Siku hizi kuna braketi zenye mlango mdogo unaofunga waya bila mpira, na matangazo yake husema zinapanua tao kwa upole hata kung'oa kusihitajike. Majaribio yaliyowagawa wagonjwa kwa kura yamezilinganisha na braketi za kawaida, na tofauti ya upana imekuwa ndogo au haikuonekana. Umbo la waya lina neno kubwa kuliko mlango wa braketi. Kama bei yake ni kubwa zaidi, uliza unalipia nini.

Kuna kundi moja la watoto wa kwetu ambalo sipendi kulipita kimya. Tanzania, Uganda na nchi jirani bado kuna vichanga wanaochokonolewa fizi kwa sababu ya kinachoitwa meno ya nailoni au meno ya plastiki: mtoto ana homa au anaharisha, mtu anaona uvimbe mweupe penye chonge, anaambiwa huo ni ugonjwa, anautoa kwa kifaa kisicho safi. Ule uvimbe ni jino changa la chonge. Wengine hufa kwa maambukizi na kutoka damu. Anayepona anaweza kuota chonge ya kudumu yenye kasoro, iliyopinda, au asiote kabisa, na chonge ni jiwe la pembeni la tao zima. Miaka 12 baadaye daktari wa kupanga meno anakuta tao lililokosa pembe, hajui aanzie wapi kupima. Ukiwa na mjukuu anayeharisha, mpeleke kituo cha afya apewe maji ya chumvi na sukari, na fizi zake ziacheni.

Basi mtu afanye nini kuhusu kinachorudi? La kwanza ni kutokichukua: kuuacha upana wa chonge za chini kama ulivyokuwa, na kutafuta nafasi kwingine, kwa kung'oa au kwa kupunguza kidogo unene wa gamba la meno pale yanapogusana. Wapo ambao chonge zao za chini zimelala ndani kwa sababu taya la juu ni jembamba, au meno ya juu yamezifunika kabisa. Hao chonge zao zinaweza kutolewa nje kidogo kwa sababu ya msingi. La pili ni kushikilia kilichopatikana. Riteina haiponyi kitu, inashika tu, na inashika kwa muda ule unaoivaa. Miezi 6 haitoshi. Madaktari wengi sasa husema: vaa usiku, na uendelee kuvaa kwa kadiri unavyotaka meno yabaki yalivyo. Hata asiyewahi kufungwa waya tao lake hupungua na umri, hivyo sehemu ya kurudi huko ni uzee wa kawaida tu, na hauna mwezi wa kuisha.

Mwaka jana, baada ya plasta ya tatu, daktari mwingine alinibandikia waya mwembamba nyuma ya meno sita ya chini, kutoka chonge hadi chonge. Hakupanua chochote. Alisema atazishika zilipo. Ulimi uliuzoea baada ya siku 4 au 5. Kuusafisha kwa uzi ndiko kunakochukua muda.

Jirani yangu alirudi kutoka kliniki Jumanne. Alinionyesha picha ya faili kwenye simu. Juu: skrubu kwanza. Chini, kwa mwandiko wa daktari: chonge hadi chonge milimita 26, isibadilishwe. Nikamuuliza plasta ya mwanzo iko wapi. Akasema ameiacha kule kule. Nikamwomba, akienda tena, aiombe wampe, aifunge kwenye kitambaa na kuiweka kabatini pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.